Siku Niliyomwogesha Paka wa Mama Mkwe

Shabani na Athumani, mabomba yangu ya mgongoni, ya kupulizia mifugo dawa, mnayo ninyi sasa. Kila asubuhi nikikaa barazani kwangu hapa Kibaha nawaona mnapita mmeyabeba, na roho inaniuma, maana mnayabeba vibaya. Mkanda wa kushoto unatakiwa uwe mfupi kuliko wa kulia, ili uzito ukae nyongani. Mimi hilo nimelijua mgongo umeshaharibika, na daktari amenikataza kubeba kitu kizito kuliko birika. Sijazeeka. Mgongo ndio uliozeeka.

Mliniomba niwaandikie ya kazini. Shule sikusoma sana. Darasa la nne nililimaliza kwa shida na la tano sikuliona, kwa hiyo mstari ukipinda unyoosheni wenyewe. Lakini kazi ya kuogesha mifugo, kutoka Mlandizi mpaka mwisho wa Kisarawe, hakuna aliyeijua kunishinda. Nasema hivyo na aliyekasirika aje. Wenzangu wakistaafu huandika walivyopandishwa vyeo. Mimi hakuna aliyenipandisha, kwa sababu juu yangu hakukuwa na mtu. Nitaandika mambo ya kuwasaidia, na moja kati ya hayo sijawahi kumsimulia mtu likakamilika. Mke wangu analijua nusu.

Nilitoka Chole na fulana moja na kandambili zisizolingana rangi. Kazi ya kwanza nilipewa kwenye josho la upande wa Mlandizi, ule mfereji wa sementi uliojaa maji ya dawa, ng'ombe anaruka huku, anaogelea, anatokea kule kupe wakiwa wamekufa. Msimamizi alikuwa Mzee Kondo, mfupi, jicho moja jekundu siku zote kwa sababu ya dawa. Siku ya kwanza alinipa fimbo akanionyesha fahali mweusi aliyegoma mlangoni.

"Wa Chole, msukume yule."

Nikasimama. Miguu haikwenda.

"Unamwogopa?"

"Simwogopi, mzee."

"Basi wewe ni mjinga. Mtu mwenye akili anamwogopa yule. Mwogope, halafu msukume."

Nikamsukuma. Alinirushia teke likapita karibu na sikio nikausikia upepo wake. Nikatapika nyuma ya mti, nikarudi, nikamsukuma wa pili. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu, hakuna barua.

Mzee Kondo alinifundisha mambo matatu na nimeyatumia miaka yote. La kwanza, mnyama hajaoga mpaka kichwa kizame, kwa sababu kupe wabaya wanakaa masikioni. La pili, ukishamwogesha usimsuuze, dawa ibaki kwenye manyoya. La tatu, msimamishe kwenye upepo akauke mwenyewe. Kwa ng'ombe, mambo hayo ni sahihi mpaka kesho.

Josho lilipokauka nikanunua bomba langu, la kijani, limeshatumika, pua yake inavuja. Nikawa naenda nyumba kwa nyumba. Ng'ombe nikawaogesha, mbuzi nikawaogesha, kondoo mmoja wa Ruvu akanipiga kichwa nikakaa siku nne nalala kifudifudi. Watu wa maofisini walipoanza kujenga Kibaha wakaleta mbwa wakubwa wa kulinda, nao nikawaogesha. Kuna mmoja mlinzi wake mwenyewe alikuwa analala nje ya geti kwa kumwogopa. Nilimfunga mdomo kwa kamba, fundo la mara mbili chini ya kidevu, nikamwogesha kama mtoto mchanga. Mwenye nyumba akaita majirani waje waone.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba. Nisiwafiche. Mtu akiniuliza unaogesha nini, nilikuwa najibu, "Chenye manyoya."

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Mama mkwe wangu anakaa nje kidogo ya Kisarawe mjini, nyumba ya bati yenye mihogo nyuma. Mnajua wenyewe mkwe alivyo kwetu. Tangu nimemwoa Mwajuma sikuwahi kula mbele ya mama yake, wala kukaa naye benchi moja, wala kumtazama usoni zaidi ya muda wa kusema shikamoo. Nikifika, mimi nakaa barazani, yeye anakaa ndani ya mlango, ubavu ubavu, kanga imefunika kichwa, tunazungumza huku kila mmoja anatazama upande wake. Na zaidi ya heshima ya kawaida, mimi nilikuwa namwogopa. Wakati napeleka posa nilisikia kwa masikio yangu anamwambia marehemu mumewe, "Huyu kazi yake ni kuogesha ng'ombe? Na ng'ombe wakijua kuoga wenyewe, mwanangu atakula nini?" Miaka ishirini na zaidi nimekuwa nikitafuta nafasi ya kumwonyesha kwamba alikosea.

Nafasi ikaja. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto wote wako mbali, yeye peke yake. Paka wake mmoja aligongwa na gari akaacha mtoto mmoja, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Mama alimlea kwa kijiko. Maziwa kidogo, kila saa, kijiko cha chai. Alilala naye ubavuni. Akampa jina, Bwana Mdogo. Mimi mkwe wake kwa miaka yote hiyo ananiita baba Zena, yule mwenye wiki nane anaitwa Bwana.

Nilikuwa nimetoka kuogesha mbuzi wa watu upande wa Kiluvya, nikasema nipite nimsalimie. Ilikuwa kama saa nne asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Zena. Mwajuma hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Nimepokea. Mimi sijambo, ila silali. Bwana Mdogo ana viroboto. Wakimaliza kwake wanakuja kwangu."

Nikamwona yule paka kwenye kizingiti. Rangi ya majivu, tumbo jeupe, mkubwa kama kiatu cha mtoto. Anajikuna mpaka anaanguka.

"Hiyo kazi ya dakika tano, mama," nikasema.

"Hataumia?"

"Mama, mimi nimeogesha fahali."

"Fahali sikumlea mimi."

Ningesikia hayo maneno vizuri, nisingekuwa na cha kuwaandikia hapa. Lakini nilisikia kingine, nilisikia hatimaye mama mkwe ananiomba kitu. Nikaenda kwenye pikipiki nikachukua chupa yangu ya dawa ya josho. Nikaomba beseni na maji. Ng'ombe ni kifuniko kizima kwa ndoo, mbuzi nusu. Nikajipigia hesabu kichwani, paka atakuwa robo. Maji yakageuka meupe.

"Hiyo ni nini?" akauliza kutoka mlangoni.

"Dawa ya manyoya, mama."

Nikamshika shingoni, nikamtumbukiza. Alilia kidogo tu, sauti kama mlango. Nikakumbuka masikio, nikamzamisha kichwa. Akatoka anapiga chafya, anakohoa, ulimi nje, amemeza. Nikaona viroboto wanaelea nikafurahi. Sikumsuuza. Nikamweka kwenye kigogo uani, palipokuwa na upepo, akauke. Mambo matatu, yote kwa mpangilio. Mzee Kondo mwenyewe asingekuta kosa.

Mama akaniletea chai na mihogo akarudi ndani ili nile. Nikala. Nikashiba. Nikasema moyoni, leo nimeingia kwenye ukoo huu.

Baada ya adhuhuri nilikuwa nafunga mizigo. Nikasikia mama anaita kutoka uani, na hakuita kwa sauti ya mkwe.

"Baba Zena! Njoo uone, sikio lake linacheza."

Sikio lilikuwa linacheza kweli. Linaruka lenyewe, kama linafukuza nzi na nzi hakuna. Halafu mguu wa mbele ukaanza. Halafu ngozi yote ya mgongoni, inapita kama maji yanavyopita upepo ukivuma. Mate yanamtoka. Alijaribu kusimama akaenda upande.

Vijana, nimewahi kuanguka ndani ya josho na ng'ombe watatu juu yangu. Sikuogopa vile. Kule kulikuwa na kitu cha kusukuma. Hapa sikuwa na cha kusukuma, na nilijua kabla hata sijajua. Nilitazama chini kwa sababu jicho la mama lilikuwa juu yangu, na mara hii halikuwa limetazama upande.

"Ni baridi tu, mama," nikasema.

"Jua hili?"

Nikatoa simu. Kisarawe mjini kulikuwa na daktari wa mifugo ambaye nilikuwa na namba yake, Dokta Upendo, binti mdogo tu, ana chumba chake cha dawa na matibabu. Mimi nilikuwa nasema popote nilipokaa kwamba yule amesoma ng'ombe kwenye picha. Nikampigia. Mikono ilikuwa na paka, nikaweka sauti kubwa, simu nikaiegemeza kwenye kigogo.

"Dokta, nina mtoto wa paka hapa anatetemeka."

"Ana umri gani? Amekula nini?"

"Miezi miwili. Maziwa tu."

"Mmempaka kitu? Mmemwogesha?"

Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Nimemwogesha. Na sabuni tu," nikasema.

Liandikeni hilo mahali mlikumbuke. Paka anakufa mikononi mwangu nami nikasema sabuni. Haikuwa kwamba sikujua. Nilikuwa naogopa uso wa mama mkwe kuliko nilivyoogopa kile kifo kidogo.

Dokta akasema, "Sabuni haimtetemeshi paka, mzee. Fikiria vizuri."

Na mama, bila ubaya wowote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau, akasema, "Na ile dawa ya manyoya, hujamwambia."

"Dawa gani?" sauti ya simu ikapanda. "Dawa gani ya manyoya?"

Kisigino cha yule paka kilikuwa kinagonga kiganja changu, haraka haraka, kama mtu anabisha hodi.

"Dawa ya josho," nikasema. "Ya ng'ombe."

Sikumtazama mama. Nilisikia tu pumzi yake inaingia, haitoki.

"Chupa unayo? Nisomee iliyoandikwa pembeni. Chini kabisa, herufi ndogo."

Mama akaichukua kwenye mfuko wangu akanishikia mbele ya macho, maana mikono yangu haikuwa na nafasi. Ile chupa nilikuwa nimeshanunua nyingi za namna yake, mpaka picha ya ng'ombe iliyo mbele nilikuwa naiona kama picha ya ndugu. Chini sikuwahi kusoma. Nilikuwa nasema maandishi madogo ni ya watu wa viwandani, wanajiandikia wenyewe. Sasa nikasoma kwa sauti, nikifuata kama nilivyofundishwa darasa la pili, silabi moja moja, huku mama mkwe ananisubiri.

"I-si-tu-mi-ke... kwa... pa-ka."

Kwa Kiswahili. Hata visingizio vya lugha sina.

Mama akaishusha ile chupa.

"Sikiliza," Dokta akasema, na nitawapa maneno yake yalivyokuwa kwa sababu ndiyo yaliyonifunza kuogesha paka, baada ya miaka yote ile. "Hiyo dawa bado iko kwenye manyoya na anazidi kuilamba. Itoe sasa hivi kabla hujaja. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, ya moto yatafungua ngozi dawa iingie zaidi. Siyo baridi, atazidi kutetemeka. Una sabuni ya maji ya kuoshea vyombo?"

"Ipo," mama akasema.

"Hiyo. Taulo au kitambaa weka chini ya beseni asiteleze. Maji yaishie tumboni, kichwa usikiguse na maji. Uso mfute kwa kitambaa kibichi. Mpake sabuni, msuuze. Rudia. Msuuze tena mpaka manyoya yalie kwenye vidole kwa usafi. Halafu mkaushe, mfunge, njooni. Msimpe maziwa wala mafuta."

Mama alishaondoka kabla simu haijakatika. Akarudi na birika la maji ya moto na ndoo ya maji ya baridi, akachanganya. Nikaingiza mkono kupima. Mikono yangu, ndugu zangu, ngozi yake imeliwa na dawa mpaka haisikii moto. Nikaona tu kama sawa.

"Siyo mkono huo," mama akasema. "Kiwiko. Hujawahi kuogesha mtoto?"

Sikuwahi. Watoto wangu wote aliwaogesha Mwajuma. Nikaweka kiwiko, nikaruka, yalikuwa ya moto. Tukaongeza ya baridi. Nikaweka tena, nikawa sisikii moto wala baridi, akasema, "Hapo."

Akatandika kanga yake kuukuu ndani ya beseni. Nikamshusha. Fahali unamshinda kwa nguvu, lakini huyu mbavu zake nilizihisi kama njiti za kiberiti, nikawa naogopa kidole changu mwenyewe. Nikibana, navunja. Nikilegeza, anateleza na kuzama. Kila akishtuka nami nashtuka. Mama akamimina kwa kikombe taratibu, mimi nikapaka, povu likawa jeupe, likawa la kijivu, tukamwaga, tukaanza upya. Mara tatu. Tumeinama vichwa vyetu vimekaribiana mpaka naisikia harufu ya udi kwenye kanga yake, mimi na mama mkwe, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuona haya.

"Anakufa?" akaniuliza mara moja tu.

"Sijui, mama."

Nadhani hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililowahi kumpa.

Tukamkausha kwa taulo, kwa kubonyeza, siyo kusugua. Tukamfunga. Sasa kwenda Kisarawe mjini. Gari hakuna. Pikipiki ipo, moja, ya kwangu. Tukatazamana na ile pikipiki. Mama mkwe nyuma ya mkwewe, kiunoni, barabara nzima ya watu wanaotujua.

"Washa," akasema.

Akakaa upande upande, paka kifuani ndani ya kanga, mkono mmoja ameshika shati langu. Niliendesha kama nimebeba mayai na kama nimechelewa maziko, kwa wakati mmoja. Kijiwe cha bodaboda kilipotuona, mmoja akapiga kelele, "Kaka, leo umepakia ukoo!" Nyuma yangu nilisikia mama anasema na kanga, kwa sauti ya chini, "Vumilia, Bwana Mdogo. Vumilia, baba."

Dokta Upendo alimpokea bila hata kunitazama. Akamchoma sindano ya kulegeza misuli, akamwekea maji chini ya ngozi, akampima joto, akamfunga na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa.

"Atapona?" nikauliza.

"Mngechelewa kidogo nisingekuwa na cha kufanya. Sasa tusubiri. Kwa nini ulinidanganya mwanzo?"

Mama alikuwepo. "Niliogopa," nikasema.

"Wote wanaogopa," akasema. "Wengine wanaendelea kusema sabuni mpaka paka anakufa." Akaenda kumhudumia mwenye kuku.

Nje ya kile chumba kulikuwa na benchi moja. Tukakaa, mimi huku, yeye kule, kifurushi kwenye mapaja yake. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alikaa akitazama mbele, na kila kanga ilipotikisika, kidole chake kilitikisika nayo. Kutetemeka kulikuwa kunapungua, kunarudi, kunapungua. Mimi nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia akifa. Nikapanga, nikapangua. Kila neno lilikuwa linaanza na mimi, mimi nilidhani, mimi nilizoea. Hakuna lililokuwa na paka ndani yake.

Alasiri ikaadhiniwa. Mama akasimama, akatafuta maji ya udhu kwenye pipa, akarudi. Akatandika kanga yake nyingine pembeni ya benchi. Halafu akanigeukia, akanitazama usoni moja kwa moja, akaninyooshea kile kifurushi.

"Nishikie."

Hakukuwa na mtu mwingine, najua. Dokta alikuwa na kuku. Lakini pia angeweza kumweka kwenye benchi.

Nikampokea. Nikaweka kiganja juu ya kanga, bila kubonyeza. Mama akafunga takbira. Rakaa ya kwanza nilikuwa namsikia Bwana Mdogo anatetemeka, kidogo kidogo, kama simu iliyozimwa mlio. Rakaa ya pili vilevile. Rakaa ya tatu, akaacha.

Sikusikia kitu tena. Niliweka kiganja vizuri. Kimya. Nikahamisha kidole. Kiganja changu hiki kilicholiwa na dawa, nimeshasema, hakisikii moto wala baridi, sasa kingenionyesha nini? Amelala au amekufa? Ilikuwa ni kufunua tu ile kanga, kitambaa chepesi, vidole viwili. Nimeingia kwa fahali, nimeingia kwa yule mbwa aliyemkimbiza mlinzi wake. Kanga ile sikuweza kuifunua. Nilikaa nimeishika na jasho linaniingia machoni, namtazama mama anasujudu, na nilimwomba Mungu, naandika hapa bila aibu, kwamba aifanye ile swala iwe ndefu. Maana akishatoa salamu atageuka, na akigeuka itabidi ajue.

Akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto. Macho yake yakaja moja kwa moja kwenye mikono yangu.

"Ameacha," nikasema.

Akaja kwa magoti, hakusimama hata. Akafunua. Bwana Mdogo alikuwa amejikunja, macho yamefumba, mdomo wazi kidogo. Mama akamwekea kidole chini ya kidevu, akangoja. Nami nikangoja. Mwenye kuku alitoka, akapita, akaondoka zake.

Ulimi ukatoka. Mdogo, wa pinki, ukakilamba kile kidole mara moja, ukarudi ndani.

"Ana njaa," mama akasema, akajifunika uso na kanga, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Alipona. Dokta alimshikilia mpaka kesho yake ili amtazame. Mimi niliporudi Kibaha nilimwambia Mwajuma paka wa mama alikuwa na homa.

Sasa mafunzo, maana ndiyo mliyotaka. Someni chini ya chupa, hata kama mnaijua kama ndugu yenu. Paka asipewe dawa ya ng'ombe, wala ya mbwa, hata tone. Akiwa mdogo sana msimwogeshe kabisa, viroboto watolewe kwa kitana chenye meno membamba, na kitana kichovywe kwenye maji ya sabuni. Na mtu wa dawa akikuuliza umeweka nini, jibu kabla hujatazama nani amesimama karibu. Mimi dokta yule nilimpelekea wateja wangu wote wa paka tangu siku ile, na nikiulizwa naogesha nini nilianza kujibu, "Ng'ombe, mbuzi na mbwa."

Isipokuwa mara moja. Miezi miwili baadaye Mwajuma aliniambia, "Mama anakuita. Anasema Bwana Mdogo ameingia kwenye masizi ya jikoni. Anasema uje wewe." Nikamuuliza mara tatu kama alisema mimi. Nilikwenda kwa miguu kutoka stendi, mikono mitupu, sikubeba hata kitambaa.

Beseni lilikuwa tayari uani, kanga imetandikwa ndani, sabuni, kikombe, taulo mbili. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya lile beseni, siyo mlangoni, siyo ubavu ubavu. Amenielekea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikapima maji kwa kiwiko. Nikamshusha taratibu, mpaka tumboni tu, nikimshika chini ya kifua. Alikuwa ameshakuwa mkubwa, mzito, na alinikwaruza mara mbili, nikashukuru kwamba ana nguvu za kukwaruza. Nikaanza na povu shingoni, kumzungushia kama mkufu, ili viroboto, kama wapo, wasikimbilie usoni. Nikashuka mgongoni, miguu, mkia. Nikasuuza, nikasuuza, mpaka manyoya yakalia. Uso nikaufuta kwa kitambaa. Mama hakuondoa macho kwenye vidole vyangu, mwanzo mpaka mwisho. Nikamtoa, nikamfunga kwenye taulo, nikamkumbatia.

Hapo mama akainuka nusu kutoka kwenye kigoda. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Baba Zena. Mbona anatetemeka?"

Nikatazama chini, kwenye ile taulo.

"Siye yeye, mama," nikasema. "Ni mikono yangu."